Sababu za kufanya leza ya macho: ipi inasimama na ipi inaanguka ukishapimwa

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu ambaye miwani yake inamtosha aamue kupigwa leza. Sababu zipo nyingi, ila hazina uzito sawa.

Yenye nguvu zaidi husikika kwa nadra: macho mawili kupishana namba ya miwani. Jicho moja likiwa −1 na jingine −5 (namba za kutoa, za asiyeona vizuri mbali), kioo cha −5 kinapunguza ukubwa wa picha, na ubongo unaletewa picha mbili zisizolingana. Kichwa kinauma, mtu anakanyaga ngazi vibaya. Miwani haiwezi kulimaliza hilo kwa sababu kioo kinakaa kama milimita 12 mbele ya jicho. Leza inachonga konea yenyewe, ule utando angavu wa mbele ya jicho, kwa hiyo tofauti ya ukubwa inapungua sana.

Kazi na michezo nayo ni sababu halali: miwani inaingia ukungu, jasho linaitelezesha puani. Ila anayecheza ngumi au mieleka asikimbilie LASIK, aina mojawapo ya leza hii. Pale hukatwa kifuniko chembamba juu ya konea, nacho hakirudi kushika kama mwanzo. Pigo la jicho linaweza kukisogeza hata miaka ikiwa imepita. Huyo aulizie PRK, aina nyingine isiyo na kifuniko, akijua kuwa siku 3 hadi 5 za mwanzo zina maumivu na ukungu. Anayelenga urubani au jeshi asome kwanza masharti ya mwajiri, maana aina ya upasuaji na muda wa kusubiri huzingatiwa.

Wengine wamechoshwa na lenzi za kuvaa jichoni. Kama kinachokuchosha ni usumbufu, au hofu ya maambukizi kwa kuwa unalala nazo au unaogelea nazo, sawa. Kama umeziacha kwa sababu macho ni makavu, simama hapo. LASIK inakata mishipa ya fahamu ya konea inayoliambia jicho litoe machozi, na ukavu huzidi kwa miezi kadhaa. Kwa wachache hauishi. Tibu ukavu kwanza.

Sababu ninayoipinga kwa moyo wote ni "nisivae miwani tena maisha yangu yote". Kuanzia miaka 40 hadi 45, lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho inakakamaa na kusoma kwa karibu kunakuwa kugumu, uwe umepigwa leza au hujapigwa. Tena mwenye −2.5 ana akiba asiyoijua: akivua miwani anasoma vizuri kwa sentimita 40. Ukimsahihisha akiwa na miaka 44, anapata mbali na kupoteza karibu. Aelezwe kabla, si baada.

Na leza haiponyi jicho lenye namba kubwa ya kutoa. Jicho lenyewe linabaki refu vilevile, hatari ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) kubanduka ipo palepale, na uchunguzi wa nyuma ya jicho unaendelea.

Sababu ikisimama, sasa konea ndiyo inayoamua. Unene wa kawaida ni kama maikroni 540 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Kifuniko cha LASIK kinachukua takriban 110, na kila daiopta moja (yaani namba 1 ya miwani) inachonga kama 15, kutegemea upana wa eneo linalochongwa. Mtu wa −6: 540 − 110 − 90 = 340 zinabaki chini ya kifuniko. Hapo pana nafasi. Mtu wa −8 mwenye konea ya 490: 490 − 110 − 120 = 260. Mpaka unaotajwa sana ni 250, na wengi hutaka 300. Ukibakiza kidogo mno, konea inalegea na kutokeza mbele, na uoni unaharibika kuliko ulivyokuwa. Unene peke yake hautoshi: ramani ya konea lazima isome pia umbo la mbele na la nyuma, kwa sababu keratokonasi (ugonjwa wa konea kulegea na kutokeza mbele) iliyo changa hujificha kwenye konea yenye unene mzuri. Anayesugua macho sana aseme ukweli.

Namba iwe imetulia angalau mwaka mzima, isibadilike zaidi ya 0.5, na umri uwe umefika 18. Mjamzito au anayenyonyesha asubiri, namba huyumba. Lenzi laini ziachwe wiki 1 hadi 2 kabla ya vipimo, ngumu wiki 3 hadi 4 au zaidi. Watu hudanganya hapa, wakidhani ni urasimu tu. Lenzi inaikandamiza konea. Ukipimwa ingali imekandamizwa, mashine inachonga kwa namba isiyo yako.

Ukishafanyiwa, omba nakala ya vipimo vya kabla: namba ya miwani, mkunjo wa konea na unene wake. Ukija kupata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atakokotoa nguvu ya lenzi ya kupandikiza, na konea iliyochongwa huzipotosha kanuni za kawaida. Zile karatasi zitamsaidia.