Seli kinga za baba zikuzwe maabara ziwe chanjo ya saratani?

SWALI: Habari ya kazi, daktari. Baba ana miaka 71 na saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa ya nyonga. Hudungwa sindano ya homoni kila miezi mitatu, na PSA yake (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume) imeshuka sana. Sasa kuna kliniki hapa mjini inayosema itamtoa damu vichupa viwili, izalishe seli kinga "mamilioni" maabara, na kumrudishia kama chanjo kesho yake asubuhi. Bei ni shilingi 380,000 kwa dozi tatu. Wanasema haina madhara kwa kuwa ni damu yake mwenyewe, ila aache homoni kwanza. Mdogo wangu ana afya njema na amejitolea atolewe yeye damu badala ya mzee. Tumeshaanza harambee. Je, kitu hiki kipo kisayansi? (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Kabla ya yote, mzee asikose sindano yake. PSA imeshuka kwa sababu ya hiyo sindano, inayozima homoni ya kiume inayoilisha saratani hii, si kwa bahati. Anayemwambia mgonjwa wa namna hii aache homoni ili kupisha "seli" angepaswa kuulizwa leseni yake papo hapo.

Sasa swali lako. Ndiyo, kitu hiki kipo, na ndiyo maana kinanitesa. Muuza maji ya miujiza nitamjibu kwa sentensi moja. Huyu wa kliniki ameokota utafiti wa kweli, akautoa utumbo, akabaki na ngozi anayoiuza.

Seli zinazozungumziwa huitwa seli za dendriti. Zilitambuliwa mwaka 1973 na Ralph Steinman na Zanvil Cohn huko New York. Kazi yake ni kumeza vipande vya kitu kigeni, kusafiri hadi kwenye tezi za limfu, na kuvionyesha kwa seli T, askari wa kinga, ili zijue nini cha kushambulia. Katika damu ni adimu mno, hazifiki hata asilimia 1 ya chembe nyeupe. Njia ya kuzipata kwa wingi ilieleweka mwaka 1994, pale Federica Sallusto na Antonio Lanzavecchia walipoonyesha kwamba monosaiti, chembe nyeupe za kawaida kabisa, zikilishwa protini mbili maalumu kwenye inkubeta (kabati la joto la maabara) hugeuka kuwa seli za dendriti. Kwa njia hiyo ya kawaida mgeuko huo huchukua siku tano hadi saba, na bado utahitaji muda wa kuzikomaza. "Kesho asubuhi" imetoka wapi?

Tena angalia: nimesema hugeuka. Monosaiti hazizaliani katika inkubeta. Ukiingiza chache, utatoa chache, na nyingine zitakufa njiani. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa dhati hawatoi vichupa viwili. Mgonjwa hulazwa kitandani saa tatu au nne, damu ikipita kwenye mashine inayochuja chembe nyeupe na kumrudishia iliyobaki. Na hayo "mamilioni" yanayotajwa kwa mbwembwe? Mililita moja tu ya damu yako ina chembe nyeupe kati ya milioni 4 na 11. Neno milioni linamtisha mwenye kuhesabu shilingi. Kwa mwenye kuhesabu seli ni tone.

Kinga si petroli, kwamba ukijaza tangi gari litafika mbali. Karibu kila barua ninayopata imejengwa juu ya dhana hiyo: kinga imepungua, basi iongezwe. Saratani ya mzee haikukua kwa kukosa seli za kupigana. Seli zipo, ila hazijaitambua kama adui, au zimeitambua zikazimwa. Chanjo ya seli inalenga kuzielekeza, na maelekezo yanaweza kukosewa. Seli ya dendriti ambayo haijakomazwa vizuri hufanya kinyume: inapoonyesha kipande cha saratani bila ishara ya hatari, seli T hujifunza kukivumilia. Wapo watafiti wanaotengeneza seli hizo changa makusudi, wakitafuta namna ya kutuliza kinga kwa wagonjwa wa baridi yabisi na kisukari cha aina ya kwanza, ambao kinga yao hushambulia mwili wenyewe. Kwa hiyo fundi asiyejua anachofanya anaweza kumpa baba yenu dawa ya kuifundisha kinga iiache saratani, na mkamlipa.

Chanjo pekee ya saratani ya tezi dume ya aina hii iliyoidhinishwa Marekani ni sipuleucel-T, Aprili 2010. Katika jaribio la wanaume 512, waliopewa chanjo waliishi wastani wa miezi 25.8, na wenzao wasiopewa miezi 21.7. Hiyo ni tofauti ya miezi minne hivi. Wengi wao PSA haikushuka wala uvimbe haukusinyaa. Bei yake ilipoingia sokoni ilikuwa dola 93,000 kwa dozi tatu. Siidharau miezi minne, lakini ndicho kilele kilichofikiwa na kampuni yenye viwanda, na hata hivyo kampuni hiyo iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika mwaka 2014. Na tazama imeidhinishwa kwa nani: wagonjwa ambao saratani yao imesambaa na haisikii tena tiba ya homoni. Ya baba yako bado inasikia, kwa hiyo hata huko kwenye chimbuko la dawa asingepewa leo. Wanaume wale wa jaribio, isitoshe, testosteroni yao, yaani hiyo homoni ya kiume, ilitakiwa iendelee kuwa chini kabisa muda wote. Hakuna aliyeambiwa aache.

Mdogo wako nampongeza kwa moyo wake, lakini hapana. Mtu na ndugu yake, hata mtoto na mzazi, kwa kawaida hubeba alama tofauti za utambulisho juu ya seli zao. Mtoto hulingana na baba kwa nusu tu. Kinga ya mzee itaziona seli hizo ni za mgeni na kuzivunja. Kliniki ikikubali damu hiyo, itakuwa imejianika yenyewe.

Nirudi kwenye kauli ninayoichukia kuliko zote: "haina madhara, ni damu yako mwenyewe." Nimeisikia kwa wauza seli, kwa saluni za urembo zinazodunga watu damu usoni, sasa naisikia hata kwenye matatu. Damu ni yako ikiwa ndani ya mshipa. Ikitoka, ikaingia kwenye kichupa, ikapewa sukari na protini, ikawekwa kwenye nyuzi joto 37, umewaandalia bakteria karamu, na huko nje hakuna ini, wengu wala kinga ya kuwazuia. Bakteria mmoja aliyeingia jioni kupitia kifuniko kilichofunguliwa nje ya kabati la hewa safi, asubuhi ni maelfu kwa maelfu, na wewe unawaingiza moja kwa moja kwenye mshipa wa mzee wa miaka 71. Ukiwaua bakteria hao kwa dawa, sumu ya kuta zao hubaki na inaweza kumshusha mtu presha hadi kifo. Bado sijagusa kuchanganya vichupa: seli hazina jina, na kibandiko kikikosewa "damu yako mwenyewe" inakuwa ya jirani. Huko New Mexico, Marekani, saluni moja ilifungwa mwaka 2018 baada ya mteja aliyedungwa usoni damu "yake mwenyewe" kupatikana na virusi vya Ukimwi.

Sisemi Nairobi haiwezi. Chuo Kikuu cha Nairobi kupitia KAVI, taasisi yake ya utafiti wa chanjo, kimekuwa kikijaribu chanjo za Ukimwi tangu 2001, na watu wake hutenga seli kinga, huzigandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika na kuzipima siku zote. Lakini kutenga seli ili uzipime ni kazi moja, na kuzirudisha mwilini mwa mtu ni nyingine inayodai vyumba vya hewa iliyochujwa, jenereta isiyolala stima ikipotea, vipimo vya vijidudu kwa kila kundi la seli, na karatasi nyingi zinazochosha.

Karatasi hizo ndizo za kuulizia. Kama ni utafiti, lazima kuwe na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu na ya kamati ya maadili iliyosajiliwa, na mshiriki hauziwi kitu kinachojaribiwa. Kama si utafiti, bidhaa yenyewe lazima iwe imesajiliwa na Bodi hiyo hiyo. Hakuna mlango wa tatu. Ukiambiwa "tunafanya chini ya leseni ya zahanati" au "ni teknolojia mpya, sheria haijafika huko", beba faili la mzee uondoke. Jina la kliniki lipelekeni kwa Bodi na kwa Baraza la Madaktari, kwa sababu kuna familia nyingine kwenye foleni iliyokwisha kuuza shamba.

Fedha za harambee msizirudishe. Muulizeni daktari wake wa saratani kama inafaa kuongeza kidonge cha abirateroni juu ya sindano. Kwa saratani iliyosambaa kwenye mifupa huwa kinawaongezea wagonjwa muda mrefu kuliko miezi minne, na zipo aina zisizo za kampuni iliyokivumbua ambazo bei yake ni nafuu zaidi. Muulizeni pia kuhusu hali ya mifupa yake, maana homoni huidhoofisha, na tarehe ya sindano ijayo iandikwe kwenye kalenda ya nyumbani.