Kokotoa GPA yako kabla hujalipia maombi ya uzamili

Matangazo mengi ya uzamili Tanzania yana sharti lilelile: shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5.0. Usingoje ofisi ya udahili ikuambie umefika au hukufika. Chukua transkripti na kikokotoo, kazi yenyewe haimalizi hata saa moja.

A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E 0. Zidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, jumlisha yote, kisha gawanya kwa jumla ya krediti. Wengi huziacha krediti, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tuseme una kozi mbili za krediti 12, moja B (36) na nyingine C (24), halafu mbili za krediti 8, moja A (40) na nyingine B+ (32). Pointi 132 ukigawanya kwa krediti 40 unapata 3.3. Aliyejumlisha 3, 2, 5 na 4 akagawanya kwa nne anapata 3.5, anajiona yuko daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5, kumbe yuko la pili la chini.

Kuchukua wastani wa GPA za mihula ni kosa hilohilo. Muhula wa krediti 52 wenye 4.0 na wa krediti 68 wenye 3.0 haukupi 3.5, ni pointi 412 kwa 120, yaani 3.43.

Halafu kuna desimali, na hapa panauma kweli. Ya pili hukatwa tu: 3.49 huandikwa 3.4. Kwa shahada ya krediti 360, GPA ya 3.5 inadai pointi 1,260. Mwenye 1,249 angevuka kwa kozi moja tu ya krediti 12 kupanda kutoka B hadi B+. Mlio bado chuoni, kozi zenye krediti nyingi msizifanyie mchezo. Sapu nayo, yaani mtihani wa marudio kwa kozi uliyofeli, hata ukiifaulu vizuri namna gani, kwa kawaida huandikwa C, basi ihesabu kwa pointi 2.

Waliosoma udaktari shahada zao hazina madaraja. Wao huangaliwa wastani wa B kwenye somo husika.

Ukiomba Marekani, usijigeuzie GPA kwa kuzidisha 4 na kugawanya kwa 5. 3.5 yako itakuwa 2.8, na vyuo vingi huko huanzia 3.0. Andika 3.5/5.0 na uambatishe ukurasa wa transkripti unaoeleza maana ya kila herufi.