Istilahi za Kuanzia katika Uchanganuzi Tumizi wa Tabia: Ushauri kwa Walimu na Wasaidizi Wapya

Anayeanza kazi ya uchanganuzi tumizi wa tabia, yaani fani inayochunguza tabia na kinachoibadilisha, katika kitengo cha elimu maalumu, hasa kwa watoto wenye usonji, hupewa msamiati mwingi kwa mkupuo, na wengi huukariri bila kujua unavyotumika darasani. Ushauri wangu ni kwamba kila unapokutana na istilahi ya fani hii, ujiulize kwanza tabia ilifanya nini baadaye, yaani iliongezeka au ilipungua, kwani nia ya mwalimu, hata iwe njema kiasi gani, haiingii katika fasili.

Tabia yenyewe lazima iandikwe kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuiona na kuihesabu. Ukaidi hauhesabiki, lakini kurusha vifaa kunahesabika. Mwanasaikolojia Ogden Lindsley aliacha kipimo ambacho wanagenzi hukicheka na kisha hawakisahau: jambo ambalo hata maiti anaweza kulifanya si tabia. Kwa hiyo "asipige wenzake" au "akae kimya" hayafai kuwa malengo. Andika anachopaswa kufanya, kwa mfano kuinua mkono au kumkabidhi mwalimu kadi.

Tabia husomwa pamoja na kitangulizi, yaani kilichotokea kabla yake, na matokeo, yaani kilichofuata. Chukua mfano wa mvulana wa miaka saba aliyewekewa vizibo vya soda mezani na kuambiwa ahesabu hadi kumi. Anavirusha sakafuni, na mwalimu anamtoa barazani ili atulie. Wiki inayofuata anavirusha mapema zaidi, hata kabla ya maelekezo kwisha. Mwalimu ataapa kwamba alimwadhibu, ilhali rekodi zinaonyesha kwamba kurusha kumeongezeka, na kilichofuata kila mara ni kuondolewa kwa kazi ngumu. Huo ni uimarishaji hasi. Uimarishaji ni pale kinachofuata tabia kinapoifanya iongezeke. Hasi maana yake kuna kitu kimeondolewa, na chanya kuna kitu kimeongezwa. Uzuri na ubaya haumo humo, na mkanganyiko huu ndio ninaokutana nao zaidi kuliko mwingine wowote. Vivyo hivyo, pipi isiyoongeza tabia si kiimarishi hata kama mtoto anaila kwa furaha, na karipio linaloongeza tabia ni kiimarishi hata kama darasa zima linalisikia.

Kutokana na mfano huo utaelewa kwa nini tunatafuta dhima ya tabia, yaani kile inachompatia mtoto, kabla ya kupanga lolote. Kwa kawaida tunazungumzia dhima nne: kupata uangalizi wa watu, kupata kitu au shughuli, kukwepa jambo, na raha au nafuu ya mwili inayotokana na tabia yenyewe. Mtoto mwingine anaweza kurusha vizibo vilevile ili mwalimu amgeukie, na kwa huyo, kumtoa nje kungeleta matokeo tofauti kabisa. Mwaka 1985 watafiti Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba watoto waliofundishwa kuomba msaada au uangalizi, kulingana na dhima ya tabia zao, walipunguza vurugu. Mvulana wetu basi afundishwe kutoa kadi ya kuomba mapumziko, na mwanzoni akiitoa apewe papo hapo. Kumsubirisha kutakuja baadaye, kidogo kidogo.

Uzimaji wa tabia nao hufasiriwa vibaya kuwa ni kupuuza. Kuzima ni kusitisha kile kilichokuwa kikiiimarisha tabia, na kama kilikuwa ni kukwepa kazi, kumpuuza mtoto huku kazi imeshaondolewa hakuzimi chochote. Tarajia pia kwamba tabia inaweza kuzidi kwa muda kabla ya kupungua, na ukikata tamaa katikati utakuwa umeimarisha ile iliyo kali zaidi. Ikiwa mtoto hujiumiza, usijaribu njia hii bila msimamizi mwenye sifa.

Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley walipoieleza fani hii mwaka 1968, walidai kwamba tabia inayoshughulikiwa iwe na umuhimu kwa maisha ya watu. Kigezo hicho hakikuheshimiwa siku zote. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Ivar Lovaas alitumia makofi na mshtuko wa umeme kwa watoto, na watu wazima wenye usonji wanaendelea kulalamikia mafunzo yaliyowalazimisha kutazamana na watu machoni. Kwa maoni yangu wana haki. Mtoto anayepunga mikono bila kumdhuru yeyote aachwe apunge.

Kuhusu upimaji, hesabu mara ngapi ikiwa tabia ni fupi na ina mwanzo na mwisho dhahiri, na pima muda ikiwa ni ya kuendelea, kama kulia. Watu wawili warekodi kipindi kimoja kila mmoja peke yake, na wakitofautiana sana, irekebisheni fasili ya tabia kabla ya kugusa mpango.