Benki zimekunyamazia? Jaribu SACCOS

Mdogo wangu, unasema una shahada ya fedha na benki zote ulizoomba kazi zimekaa kimya. Nenda kwenye SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 zinatakiwa kuwa na leseni, na hesabu zao lazima zikaguliwe, kwa hiyo mtu anayejua kuchambua mkopo na kufuatilia marejesho ana nafasi pale. Mshahara wa kuanzia unaweza kuwa mdogo, ila utajifunza kazi nzima, si dirisha moja tu. Kampuni za bima pia zipo, na kazi za serikali zitazame Ajira Portal, tovuti ya serikali ya maombi ya kazi. Ninachokusihi hasa: anza sasa hivi mitihani ya CPA, yaani cheti cha uhasibu cha kitaaluma kinachotolewa na NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu Tanzania), usisubiri ajira. Matangazo mengi ya wahasibu waandamizi huidai.