Gari sita kwenda Swagaswaga, tununue redio gani za upepo?

SWALI: Fundi habari. Tuko washkaji tuna gari sita, tano fobaifo na moja Canter ya mizigo, tunatoka Dodoma kuingia pori la Swagaswaga halafu tunarudi kuona michoro ya miambani ya Kolo. Dukani tumeonyeshwa woki-toki zimeandikwa kilomita 30 kwenye boksi. Zinatosha?

JIBU: Salama mkuu. Hazitoshi, na hiyo 30 isahau kabisa, hapo ni mtu kasimama kilele cha mlima na mwenzie kilele kingine katikati hamna kitu. Redio hizi zinasikilizana kwa kuonana, ukizama korongoni au kilima kikikaa kati basi, hata uwe na wati ngapi.

Shida nyingine, woki-toki ya wati 5 ukiongelea ndani ya gari bati linameza mawimbi. Nimewahi kuwa gari ya mwisho kwenye msafara wa huko Bahi, vumbi jingi tukaachiana nafasi, mara tairi zimezama kwenye tope, tukaita mpaka koo likakauka na wenzetu hawajafika hata kilomita tatu mbele, wamekuja kugundua hatupo walipotokea lami. Toka siku ile simshauri mtu ategemee woki-toki peke yake, hizo ni za kushukia chini kumuelekeza dereva kwenye mawe.

Nunueni redio za kufunga kwenye gari, za VHF (aina ya mawimbi ya redio), wati 25 zinatosha, 50 sawa pia. Hela ibane kwenye redio usiibane kwenye antena. Antena ya VHF ya robo wimbi (urefu wake ni robo ya wimbi lenyewe) ina kama sentimita 50 na inataka ikae katikati ya paa, maana lile bati la paa ndo nusu yake ya pili, ukiifunga kwenye bampa umeitupa. UHF, ile ya mawimbi mafupi zaidi, sio mbaya ila yenyewe raha yake mjini kwenye majengo, kule porini kwenye miti VHF inapenya vizuri zaidi.

Umeme uchukueni moja kwa moja kwenye betri na fyuzi ikae karibu na betri, sio tundu la kuwashia sigara, redio ya wati 50 ukibonyeza kuongea inavuta ampia 10 na zaidi. Na tafadhali sana hiyo Canter!! Mfumo wake kwa kawaida ni volti 24 na redio inataka 12, bila kifaa cha kushusha umeme unaiunguza siku hiyo hiyo, pimeni kwa mita kwanza. Mkisikia mkoromo usioisha zimeni zile taa ndefu za LED, mara nyingi zenyewe ndo zinachafua.

Masafa, yaani namba ya mawimbi mtakayoongelea, msijichagulie. Redio inafungua kuanzia megahezi 136 mpaka 174 na humo kuna watu wanafanya kazi zao, polisi, meli, wengi tu. Nendeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ofisi ya kanda iko hapa hapa Dodoma, muombe leseni na muulize kama redio mnayotaka imeidhinishwa KABLA hamjalipa dukani, mkipewa masafa ndo fundi aziprogramu zote sawasawa.

Bajeti ikigoma anzeni na gari ya mbele, ya mwisho na Canter. Halafu wiki moja kabla ya safari gari moja ibaki mjini, nyingine ishike barabara ya Kondoa mkiongea njia nzima, Veyula, Makutupora, mpaka mpotezane. Pale sauti inapoanza kukatika andikeni kilomita, na mkifika kwenye vilima vya Kondoa msiachiane hata nusu yake.