Kabla hujamuua kenge wa shambani kwako

Nalima mpunga Bonde la Kilombero, upande ambao masika ikikolea hujui shamba limeishia wapi na kinamasi kimeanzia wapi. Msimu wangu wa tatu vijana walimuua kenge kwenye majaruba yangu. Walisema ndiye anayemaliza vifaranga. Tukampasua. Tumboni mlikuwa na magamba ya kaa, konokono waliopondwa, mguu wa chura na kipande cha samaki aliyekwisha kuoza. Unyoya wa kifaranga hatukuuona hata mmoja.

Niliumia, kwa sababu kaa hao ndio walionitesa mwezi mzima. Wanatoboa kingo za majaruba, usiku maji yanavuja, asubuhi unakuta mpunga umesimama kwenye tope. Tulikuwa tumemuua aliyekuwa akinisaidia.

Sisemi kenge hali vifaranga. Anakula, na mayai anayapenda sana. Lakini kenge hutafuta chakula mchana, kwa hiyo kufunga banda usiku peke yake hakutoshi. Mama kuku na vifaranga wake wabaki ndani ya wavu wiki za mwanzo hata jua likiwa kali, na ncha ya chini ya wavu uifukie, maana kenge ni mchimbaji. Uchimbaji huohuo ndio anaoutumia kufukua mayai ya mamba, mama mamba akiondoka kidogo tu kwenye kiota. Ukiishi karibu na mto, hiyo si faida ndogo.

Chura naye anastahili kuangaliwa kwa karibu. Nenda na tochi usiku, uchuchumae ukingoni. Ulimi wake umeshikiliwa mbele ya mdomo, si nyuma kama wetu, hivyo unafyatuka na kurudi na nondo kabla hujapepesa. Kisha anafumba macho, nayo yanazama ndani ya kichwa: anayatumia kusukuma chakula kishuke kooni, kwa kuwa hawezi kutafuna. Ukimwekea mdudu mfu asiyetikisika, kwa kawaida atakaa naye uso kwa uso asimguse. Viluwiluwi wake, tofauti na yeye, wengi wanakwangua ukoga na majani yaliyooza. Miguu ikiota ndipo utumbo unafupika na wanahamia kwenye wadudu.

Mwaka mmoja muuza dawa alinishauri nipulize kila wiki, niwe na wadudu nisiwe nao. Nikamtii. Haikuchukua muda majaruba yakanyamaza kimya, usiku husikii chura. Ngozi ya chura inafyonza maji, na kilichomo majini kinaingia nayo. Tangu hapo napita kwanza shambani, nafungua mabua kadhaa, nikikuta wadudu wamezidi ndipo napuliza, tena sehemu ile tu.

Chatu nitamtaja kwa kifupi: anakula ndezi, na ndezi anakula mpunga wako. Mbuzi na bata wafunge vizuri, yeye umwache na vichaka vyake.

Kwa mamba sina huruma ya namna hiyo, nina tahadhari. Mtoto wa mamba anaanza na wadudu na vyura wadogo, akikua anahamia kwa samaki, na akiwa mkubwa anaweza kumkamata ng'ombe anayekunywa maji. Anaweza kukaa muda mrefu bila kula, kwa hiyo ana subira ya kujifunza ratiba yenu. Msichote maji mahali palepale saa ileile kila siku, na jioni msiingie kufua. Pale kwetu watu walikuwa wanasafisha kambale kwenye gati la mitumbwi na kutupa matumbo majini, palepale watoto wanapoogea. Tulibishana sana. Sasa samaki wanapasuliwa juu, karibu na nyumba, na matumbo yanafukiwa kwenye shimo la migomba.