Hesabu vichwa kabla ya fedha: kwa wageni wa kitengo cha tozo ya mifugo

Karibuni, wadogo zangu. Robo mwaka imefungwa na meza imejaa mafaili yaliyoandikwa "imelingana". Imelingana na nini? Tuanzie hapo, mengine tutayapita mbio.

1. Stakabadhi kuoana na benki si ushahidi.

Mgeni hujumlisha vitabu vya stakabadhi za tozo, ile fedha inayolipwa kwa kila kichwa kinachouzwa, hufungua taarifa ya benki, huona jumla mbili zimeoana hadi senti, hugonga muhuri na kwenda zake kunywa chai. Lakini ng'ombe ambaye hakukatiwa stakabadhi hayumo kitabuni wala benki. Vyote viwili vimetoka kwa mkusanyaji yuleyule. Umemhoji shahidi mmoja mara mbili. Shahidi wa pili awe mtu asiyegusa fedha ya tozo: karatasi ya dalali wa mnada, vibali vya kusafirisha mifugo, daftari la mkaguzi wa nyama machinjioni.

Sasa kosa linaloacha kovu. Tuseme karatasi ya dalali inaonyesha ng'ombe 214 walioingia mnadani, na stakabadhi zimekatwa za 187. Wamepungua 27. Aliyejifunza jana kulinganisha hupandwa na moto, akaandika barua ya ubadhirifu siku hiyohiyo. Subiri, jamani! Kuingia mnadani si kuuzwa. Katika hao 27, 9 hawakufikia bei wakarudi na wenyewe. 6 ni wa mchuuzi aliyenunua asubuhi akauza mchana, na fomu yake ya msamaha ipo. 4 ni ndama wanaonyonya waliouzwa pamoja na mama zao, kama kanuni zenu zinahesabu mama na ndama kuwa kichwa kimoja. Wamebaki 8, na hao ndio wa kuulizia. Ukiandika 27, mkusanyaji atakuja kwenye kamati na maelezo ya 19, barua nzima itaanguka, na wale 8 watazikwa nayo. Kibaya zaidi, dalali ataona karatasi yake ndiyo iliyoleta balaa, na mnada ujao utaletewa karatasi ya jumla tu, haina mstari kwa mstari. Hapo umempoteza shahidi wako wa pili.

2. Msamaha bila karatasi ni tundu.

Marekani, tozo ya ng'ombe ni dola 1 kwa kichwa kila anapouzwa. Mchuuzi anayenunua ili kumpitishia mnyama mnunuzi mwingine husamehewa akimuuza ndani ya siku 10, na lazima athibitishe kwa maandishi. Kwa hiyo usikague saini peke yake. Weka tarehe ya kununua kando ya tarehe ya kuuza, uhesabu siku. Fomu zisizo na tarehe ya kununua zirudishwe, hata kama mwenyewe ni mjumbe wa bodi. Hasa kama ni mjumbe wa bodi.

3. Vitabu.

Kitabu kipya hakitoki kabla cha zamani hakijarudi, na mkabidhiwa asaini namba ya kwanza na ya mwisho. Stakabadhi iliyofutwa ibaki kitabuni na nakala zake zote. Vitabu "vilivyoloa mvua" viandikiwe maelezo siku hiyohiyo. Ajabu ni kwamba mvua hiyo hupenda kunyesha mwezi wa ukaguzi.

4. Makusanyo yaende benki yote.

Usikate humo ya mafuta ya gari; mafuta yana masurufu yake, yaani fedha iliyotengwa kwa matumizi hayo. Na anayekusanya asifanye usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki.

5. Madeni yapangwe kwa umri: siku 30, 60, 90.

Machinjio yanayochelewa mwezi mmoja huenda yana shida ya fedha. Yanayochelewa kila mwezi yanakopa kwenu bila riba.

6. Tarehe.

Mnada wa tarehe 30 uliowekwa benki tarehe 2 ni wa mwezi uliopita. Usipouhamisha, mwezi mmoja utaonekana na upungufu na unaofuata na ziada, nawe utatafuta mwizi asiyekuwapo. Andika tarehe ya mnada kwa kalamu kwenye hati ya kuweka fedha, ukiwa bado dirishani.